Mabati Yaliyosimama Nyuma ya Kitanda

Nekesa mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: mahali pa kuficha nauli, maji ya kunywa yachemshwe, na mtu akijiita wa ukoo wetu usimfungulie mlango kabla hujamuuliza jina la babu yake. Hapo sina la kuongeza. Yeye huagiza vizuri kuliko mimi. Mimi nikianza kuagiza huishia kueleza, na wewe huishia kusinzia. Basi nimeona heri nieleze kwa karatasi. Ukisinzia, itakungoja.

Jambo langu ni moja, na limeletwa na maneno uliyosema leo jioni ulipokuwa ukipanga sanduku. Mama yako alikuletea lile pazia la maua ya buluu alilolishona mwenyewe, nawe ukalirudisha juu ya kitanda.

"Mathe, pazia ya nini? Hiyo keja ya kulala ni ya kampuni. Naenda kukata maua ya wazungu, nikipata kitu poa nahepa."

"Na kabla hujahepa, utavaa nguo mbele ya nani?"

"Nitatundika leso kwa dirisha. Huko napita tu, mathe."

Ulicheka. Mama yako hakucheka. Alinitazama mimi, si wewe, kisha akatoka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na moto. Uliniuliza, "Kwani nimesema nini?" nikakujibu kwamba amechoka. Nilikudanganya. Hayo maneno yako ya mwisho hukuyaokota mtaani. Uliyarithi kwangu, na mama yako aliyajua mara moja, kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wake.

Najua kwa nini unaidharau kazi hiyo kabla hujaianza. Ulitaka uuguzi. Ulipita vizuri, walimu wako wakakupongeza, kisha ikaonekana kwamba kupita vizuri hakutoshi, kunahitajika mtu wa kukushika mkono, nasi hatuna mtu. Unakwenda Naivasha kwa kuwa milango mingine haikufunguka. Sitakuambia kwamba hilo ni baraka iliyojificha. Ni hasara, na una haki ya kuisikitikia. Ninachoogopa ni kitu kingine, na ili nikieleze sina budi kukurudisha Kibera.

Tulipokuwa kule Kibera, mtaa wa Mashimoni, ulikuwa mdogo. Unakumbuka, nadhani, foleni ya maji, na ule ukuta wa udongo uliokuwa ukiubandua kwa kucha hadi mama yako akuchape vidole. Nataka ujue tulivyokuwa tukifikiri sisi wakubwa, maana tulifikiri sawasawa karibu sote, tuliotoka Bungoma na Busia na waliotoka kule ziwani. Mtu akikuuliza unakaa wapi, ulijibu Kibera. Akikuuliza nyumbani ni wapi, ulitaja kijiji cha baba yako. Nyumbani ni kwenye makaburi ya wazee. Hilo halina ubaya. Lakini ndani yake lilimea lingine ambalo hatukulipanda kwa kukusudia: kwamba kila kilichoko Nairobi hakihesabiki. Kikombe kikivunjika mkono, kilitumika hivyo hivyo, kwa kuwa vikombe vya kweli vingenunuliwa nyumbani. Jirani hukumzoea sana, kwa kuwa mtaachana. Mtaro ukinuka mbele ya mlango, uliuruka. Ukiulizwa, ulikuwa na jibu tayari: hapa tunapita.

Mimi nililisema hilo kuliko wote, na kwa ufasaha, kwa vile nilikuwa nimesoma. Nilikuwa mwalimu mwenye cheti, nikaacha darasa nikitumaini kwamba Nairobi ingenipa ofisi na masomo ya juu. Ilinipa ukarani katika bohari ya sabuni huko Indastrio, kwenye viwanda. Niliona aibu, na dawa niliyoipata ya aibu hiyo ilikuwa kujiambia kwamba sipo pale kwa kweli. Mtu anayepita hawezi kuaibishwa na njia.

Huko bohari nilifanya nilichoandikiwa, na zaidi ya hapo hakuna. Msimamizi wetu, Bwana Musyoka, aliniambia siku moja, "Mwalimu, hawa vijana wa kupakia hawajui kusoma lebo. Si ungewafunza kidogo wakati wa chakula? Wewe ni mtu wa chaki."

"Sikuajiriwa kufunza," nikamjibu.

"Sikusema umeajiriwa. Nimesema unajua."

"Hii kazi si ya mama yangu, Bwana Musyoka."

Vijana wakacheka. Maneno hayo husemwa kila mahali pa kazi hapa Nairobi, umeyasikia, na kila yakisemwa watu hucheka. Nilijiona shujaa. Nikaketi nyuma ya magunia nikala mihogo yangu peke yangu, mimi ambaye kufundisha ndicho kitu pekee nilichowahi kukipenda. Hebu fikiria hapo. Nilimnyima Bwana Musyoka, ndiyo. Lakini saa ile ya chakula aliyeshinda njaa nyuma ya magunia alikuwa nani?

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Ochieng, fundi wa rangi. Labda unaukumbuka mlango wake. Alikuwa akirudi na mabaki ya rangi kutoka kwenye nyumba za wenye nacho, akaupaka mlango kila mabaki yalipopatikana, ukawa na kijani, na rangi ya maziwa, na kipande cha rangi nyekundu ya benki fulani. Jumamosi alichukua koleo akazibua mtaro, wake na wetu. Sisi tulisimama tukimtania.

"Ochieng, umenunua Kibera?"

"Sijanunua. Lakini pua inayonusa huu mtaro ni yangu, sikuikodi."

"Unamsafishia landilodi nyumba yake bure, bwana."

"Yeye anakaa Lavington. Mtaro haumfikii."

Nilimwona mtu mwema asiye na mipango. Mimi nilikuwa na mipango. Nilikuwa nikijenga nyumbani. Kila nilichobakiza kilikwenda kwenye nyumba ile ya Bungoma, na mwaka ule kuta zilikuwa zimesimama zikingoja paa. Nilinunua mabati kidogo kidogo, bati baada ya bati, na kwa kuwa kusafirisha moja moja ni kupoteza, niliyasimamisha ndani ya chumba chetu, nyuma ya kitanda chenu wewe na kaka yako Simiyu, hadi yatimie.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Paa letu la Mashimoni lilikuwa limeoza. Juu ya kitanda chenu palikuwa na tundu. Mchana liliingiza mwanga, na kaka yako aliliita nyota. "Baba, sisi tuna nyota mchana." Usiku wa mvua liliingiza maji, na maji yale yalidondoka yakaangukia kwenye ukingo wa mabati mapya, yakalia. Tulilala tukisikiliza maji yakilia juu ya mabati ambayo yangeweza kuyazuia.

Mama yako aliniambia. Hakuniambia mara moja. "Baba Simiyu, toa bati moja tu. Moja tu uweke hapo juu, tutanunua lingine."

"Hayo ni ya nyumbani."

"Na hawa watoto ni wa wapi?"

"Mama Simiyu, nikimwekea landilodi bati, nimemjengea. Siku tukihama linabaki. Kisha anasema nyumba sasa ni nzuri, anapandisha kodi. Vumilia. Hapa tunapita."

Nimekuandikia jibu langu lote ili uone kwamba halikuwa jibu la mjinga. Lina hoja. Landilodi alikuwa vile vile nilivyosema, na majirani waliowahi kuziba mapaa yao walipandishiwa kodi kweli. Nilikuwa sahihi katika kila kipande cha lile jibu. Tangu hapo naiogopa hoja ambayo kila kipande chake ni sahihi.

Niliwawekea sufuria kitandani. Ndiyo, kitandani, katikati ya mtoto na mtoto. Wewe ukigeuka iliinama ikakulowesha, ukalia. Kaka yako akahama upande. Wewe ulilala penye ukuta, kwenye ukavu, yeye akalala penye tone. Alimwambia mama yako, "Nekesa akilowa analia, mimi silii." Hayo huyakumbuki, na sikuandikii ili uyabebe kama mzigo. Ulikuwa mtoto. Nakuandikia kwa kuwa ni yake, na mtu akifa mambo mema aliyoyafanya hayana budi kukaa kwa mtu.

Masika yale yalikuwa marefu. Simiyu alianza kukohoa, tukampa asali na ndimu, kisha dawa ya duka, kisha mama yako akambeba hospitali, wakasema ni nimonia. Hakurudi. Daktari hakusema kwamba ni tone. Watoto wa nyumba kavu pia hufa kwa nimonia, nami kwa muda mrefu nililishikilia hilo. Inawezekana ni kweli. Sitajua kamwe, na kutojua huko ndiko nilikopewa nikae nako.

Kuna jambo jingine, na hili mama yako hajapata kulitaja, wala simlaumu akiwa hajanisamehe. Majirani walichanga, tukakodi pikapu ya kumpeleka kaka yako nyumbani akazikwe. Ochieng ndiye aliyeshika upande wa pili wa jeneza tulipolitoa katika ule ujia mwembamba. Pikapu ilikuwa na fremu ya chuma juu. Nami nikasimama pale, Nekesa, nikaitazama ile fremu tupu, nikafikiri: gari linakwenda Bungoma. Nikarudi ndani nikayatoa mabati. Nikayafunga juu.

Hakuna aliyenizuia. Watu wetu walielewa. Baadhi walisaidia kufunga kamba. Ndivyo tulivyokuwa, gari la nyumbani haliendi bure. Mama yako aliketi nyuma kando ya jeneza, nawe mapajani mwake, na mabati yakalia juu ya kichwa chake njia nzima. Nilikuwa mbele na dereva. Nilikuwa nikiyasikia pia.

Nyumba ya Bungoma ikapata paa. Unaijua. Ina madirisha na sakafu ya saruji, na huwa tunalala humo kwa siku chache Krismasi, mama yako akianza kwa kufagia mavi ya popo. Kaka yako yuko nje yake, upande wa migomba. Hapo nyumbani pameezekwa vizuri sana, na ndani hakuna mtu.

Tuliporudi Kibera mama yako aliomba ngazi kwa Ochieng. Alikunjua debe la mafuta ya kupikia, akalipiga nyundo hadi likanyooka, akapanda mwenyewe akaziba lile tundu. Haikumchukua muda hata wa kuivisha maharagwe. Mimi nilishika ngazi.

Ungedhani hapo nilijifunza. Sikujifunza. Mtu aliyesoma anaweza kupita katika moto akatoka na hoja. Nilizidi kuichukia Nairobi, nikasema imeniulia mtoto. Kazini nikawa mkali kwa kila mtu. Mvulana akinisalimia "Niaje, mzae," nilimpita kama kiti. Nyumbani mama yako aliongea nawe, wewe ukaongea naye, na nilipoingia mkanyamaza.

Kisha moto ukazuka Mashimoni, kwenye jiko la mtu fulani, ukala safu ya akina Ochieng mpaka ukafika karibu na kwetu upepo ukageuka. Asubuhi nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ule mlango wake ulikuwa umebaki bawaba. Nami, Mungu anisamehe, nilihisi kitu kama furaha. Nilihisi kwamba hatimaye ubishi wetu umeamuliwa.

"Sasa umeona, Ochieng?"

"Nimeona nini, Mwalimu?"

"Rangi yako yote. Mtaro wote ule."

Aliyatazama majivu. Hakukasirika. "Rangi imeungua," akasema. "Lakini humo ndani nililala pakavu, kila siku niliyolala. Wewe je?"

Mara tu alipolitamka akakumbuka. Niliona uso wake ulivyobadilika. Akasimama kutoka kwenye ndoo akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, Baba Simiyu. Sikuwa na maana hiyo. Nisamehe." Mtu aliyeunguliwa na kila kitu, ananiomba msamaha mimi. Niliondoka nikaenda kazini nikiwa na yale maneno mawili, "Wewe je", na nimekuwa nayo hadi leo.

Kwa hiyo usije ukadhani naandika kukuambia kwamba ukiipenda kazi yako utalipwa, au ukitengeneza mahali ulipo patadumu. Ochieng hakulipwa. Hakuna aliyempa mlango mwingine. Mwezi jana kijana mmoja alitujia kanisani na suti iliyopigwa pasi vizuri, akatufundisha kwamba tukiamka tujitazame kwenye kioo tuseme leo ni siku njema. Nilimheshimu kwa pasi yake. Lakini siku nyingine si njema, na kumfundisha mtu kuziita njema ni kumfundisha uongo, na uongo huo nao ni namna ya kutokuwepo. Mimi nilikataa kuwepo kwa kununa, mwingine anaweza kukataa kwa kutabasamu. Tundu hubaki juu ya kitanda vile vile.

Baada ya moto landilodi aliamua kubomoa safu zote ajenge upya, ndipo tukahamia huku Gatina. Hii nyumba ya mbao unayoiona ndogo, mimi niliiona kubwa kwa sababu ya kile mama yako alichofanya siku ya kwanza. Mkokoteni ulikuwa nje na vitu vyetu. Alikataa tushushe chochote. Aliingia peke yake, akafunga mlango mchana ule wa jua, akakaa humo gizani. Mwenye mkokoteni akaniuliza, "Mama anaomba?" Nikamwambia sijui. Akatoka.

"Ziko tatu," akasema.

"Tatu nini?"

"Nyota."

Kisha akaniambia neno pekee alilowahi kuniomba tangu msiba. "Nenda nyumbani ukalete bati."

Nilitaka kueleza kwamba mabati yanauzwa hapo Kawangware, karibu kuliko Bungoma. Nashukuru Mungu kwamba mara hiyo sikueleza. Nilikwenda. Nikapanda juu ya nyumba yangu mwenyewe nikang'oa bati kwenye upande wa jikoni, shemeji na ndugu wakiwa wamesimama chini.

"Wewe umerogwa?" kaka yangu mkubwa akaniuliza. "Mtu anabomoa kwao ili ajengee watu Nairobi?"

"Watoto wangu wanalala Nairobi," nikasema. Nikasikia nimesema watoto, nikashuka na bati langu.

Keateka wetu hapa, yule anayekusanya kodi, alinikuta nikigongomea. "Mzee, hiyo ukihama huchukui, unajua?"

"Najua."

"Na siongezi kitu wala sipunguzi."

"Najua pia."

Hilo bati ndilo liko juu yako unapolala. Umeuliza zamani kwa nini lina kutu upande mmoja na mashimo ya misumari yasiyo na misumari. Ni hilo.

Kazini mambo hayakuwa mazuri hata baada ya hapo. Walipokuja kupunguza watu bohari, jina langu lilikuwa la kwanza kwanza, na sioni kwamba walinionea kuliko wengine. Siku ya mwisho nilifika langoni na kikoba changu. Bawabu ambaye nilimpita kila asubuhi aliniuliza, "Samahani mzee, jina ni nani, niandike umetoka?" Nilikuwa nimepita kweli. Nilifaulu. Sehemu kubwa ya ujana wangu niliipitisha pale, na hakuna hata mmoja aliyeshuhudia.

Ndipo nikapata hii kazi ya poshomili kule Satellite, kusagia akina mama mahindi. Wewe uliniona mwanzoni nikijifuta unga mikononi kabla ya kuingia mtaani, watu wa kanisa wasinione. Ni mama mmoja wa Riruta aliyenivunja, hata hakujua. Alikuwa akingoja debe lake akaniambia, "Mwalimu, leo umenuna hivi, unga si utatoka mchungu?"

"Mashine haijui kununa, mama."

"Mashine haijui. Tumbo litajua."

Wenzake wakacheka, nikajikuta nimecheka. Nikawatazama kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamesimama, wengine na watoto mgongoni, kwa kuwa benchi lilikuwa limevunjika mguu tangu siku niliyoajiriwa. Nilikuwa nimeliona kila siku. Siku ile nililitengeneza. Haikuwa kazi niliyoandikiwa, na mwenye mashine hakusema ahsante wala hakuona. Jioni nilirudi nikiwa mweupe kwa unga sikujifuta, na mama yako akanitengea kiti kabla sijakitafuta.

Bado kuna asubuhi nyingi ninaamka na yale maneno ya zamani mdomoni. Mimi si Ochieng. Yeye alizaliwa hivyo, mimi nalazimika kuanza upya kila siku, kama mgonjwa wa sukari anavyokataa chai tamu. Lakini nimeelewa hesabu moja ndogo: Mungu hakunipa kalenda mbili, ya Nairobi ya kuchezea na ya Bungoma ya kuishi. Siku nilizosema zinapita zilikatwa kwenye zile zile.

Kwa hiyo Naivasha, mwanangu. Maua ni ya wazungu, sawa. Mikono itakayoumwa na miiba ni yako, na macho yatakayoyaona asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote ni yako. Wale wasichana utakaosimama nao kwenye meza ya kupangia ndio watu utakaokuwa nao. Waambie jina lako. Wakitaka kujua unachojua, waambie. Ukionewa, usinyamaze, kuziba tundu si kumpenda landilodi, na mimi nisingependa msimamizi yeyote akuone mnyonge kwa kuwa una roho nzuri. Na ukipata chuo, ondoka siku hiyo hiyo, nitakuja kukubebea sanduku. Sikukatazi kupita. Sisi sote hatimaye tunapita, na kaka yako alipita upesi kuliko haki. Nakuomba tu, ukiwa hapo, uwe hapo.

Mama yako amelala, au amenyamaza kama mtu aliyelala. Sikumwonyesha barua hii. Anayajua yote yaliyomo kuliko mimi.

Utafika kukiwa bado na jua. Watakupa ufunguo. Usifungue sanduku, usiketi kwanza. Ingia, funga mlango, simama katikati gizani hadi macho yazoee, kisha tazama juu. Ukiona nyota, nyundo na misumari viko chini kabisa ya sanduku lako.

Nimevizungushia lile pazia.

Baba yako